Masega ya Gari Yanapochakaa: Madini Adimu, Moshi na Afya Yetu Karatu na Ngorongoro

Barabara ya lami itokayo Makuyuni hupita Mto wa Mbu, hukwea ukingo wa Bonde la Ufa, hukatiza Rhotia na mji wa Karatu, kisha hufika lango la Loduare, mlango wa kuingilia Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro. Hupita humo magari ya watalii, malori, mabasi, Noah za abiria na bodaboda. Wakazi wamezoea kulalamikia vumbi jekundu, kwa kuwa huliona juu ya nguo na vyombo vyao. Moshi wa magari hauzungumzwi sana, kwa kuwa sumu iliyo kali kuliko zote ndani yake haina rangi wala harufu.

Makala haya yanahusu kifaa kimoja kilichofichwa chini ya gari la petroli, ambacho kazi yake ni kuivunja sumu hiyo kabla haijatoka nje. Mafundi wetu hukiita masega. Ndani yake mna madini adimu yanayokiwezesha kufanya kazi, nayo madini hayo huzeeka kama vile viungo vya mwili vinavyozeeka. Masega yakichoka au yakikatwa na kuuzwa, gharama huhamia katika mapafu, moyo na damu ya watu walio karibu. Kwa sababu hiyo jambo hili linamhusu mganga wa zahanati na mgonjwa wa pumu kama linavyomhusu fundi wa gereji.

Masega ni nini

Petroli ingeungua yote kikamilifu, kingetoka mvuke wa maji na kaboni daioksaidi tu. Katika injini halisi haiwi hivyo. Sehemu ya mafuta huungua nusunusu, na hapo hutokea kaboni monoksaidi, gesi inayoua bila kutoa onyo. Sehemu nyingine haiungui kabisa, nayo hutoka kama haidrokaboni, ikiwemo benzini, ambayo ni kisababishi kinachojulikana cha saratani ya damu. Aidha, joto kali la injini huunganisha nitrojeni na oksijeni za hewani, zikawa oksidi za nitrojeni zinazochoma njia za hewa na kuamsha pumu.

Masega ni kipande cha kauri chenye vitundu vingi vyembamba vilivyopangika kama sega la nyuki, kilichofungwa ndani ya kopo la chuma kwenye bomba la moshi. Kuta za vitundu hivyo hupakwa tabaka jembamba la alumina, na juu yake hunyunyizwa gramu chache za platinamu, paladiamu na rodiamu. Metali hizi ni vichocheo, maana yake huharakisha mabadiliko ya kikemia pasipo zenyewe kutumika. Moshi unapopita, kaboni monoksaidi hugeuzwa kuwa kaboni daioksaidi, mafuta yaliyobaki huunguzwa, nazo oksidi za nitrojeni huvunjwa zikarudi kuwa nitrojeni ya kawaida. Masega mazima yaliyokwisha kupata moto huondoa zaidi ya asilimia 90 ya sumu hizo tatu.

Neno “yaliyokwisha kupata moto” lina uzito wake. Masega hayaanzi kazi mpaka yafikie nyuzijoto 250 hadi 300 za Selsiasi. Katika dakika za mwanzo baada ya kuwasha gari, hasa asubuhi za baridi za nyanda za juu, moshi hutoka karibu ulivyo. Gari linalounguruma mbele ya mlango wa kliniki alfajiri huwatendea vibaya wagonjwa hata kama ni jipya.

Seriamu, pumzi ya masega

Metali tulizozitaja hazijitoshelezi. Kuunguza kaboni monoksaidi kunahitaji oksijeni, ilhali kuvunja oksidi za nitrojeni kunahitaji upungufu wa oksijeni. Injini hubadilika kila nukta: dereva akikanyaga mafuta, oksijeni hupungua katika moshi, akiachia, huongezeka. Panahitajika kitu cha kuhifadhi oksijeni inapozidi na kuitoa inapopungua. Kazi hiyo hufanywa na oksidi ya seriamu.

Seriamu ni mojawapo ya elementi 17 ziitwazo madini adimu. Iligunduliwa mwaka 1803 na Berzelius na Hisinger nchini Uswidi, na Klaproth nchini Ujerumani kwa wakati uleule. Jina la “adimu” linapotosha kidogo, kwa kuwa katika ganda la dunia seriamu inakaribia shaba kwa wingi. Kilicho adimu ni mahali ilipokusanyika kiasi cha kuchimbika. Sifa yake kubwa ni kwamba atomi yake huweza kuwa na hali mbili. Katika hali moja hushika oksijeni zaidi, katika nyingine huiachia, nayo huvuka kutoka hali moja hadi nyingine bila kuchoka mara nyingi mno.

Mhudumu wa afya atauelewa mfano huu mara moja. Himoglobini huchukua oksijeni katika mapafu, palipo nyingi, na kuiachia katika tishu, palipo haba. Seriamu hufanya vivyo hivyo ndani ya masega. Na kama himoglobini inavyoweza kukamatwa na sumu ikashindwa kubeba oksijeni, ndivyo seriamu nayo inavyoweza kukamatwa.

Dada yake seriamu, lantanamu, huchanganywa kwa kiasi kidogo na alumina ili tabaka lile lisisinyae kwa joto. Tangu miaka ya 1990 watengenezaji huchanganya pia seriamu na zirkoniamu, kwa kuwa mchanganyiko huo hustahimili joto kuliko seriamu peke yake.

Namna masega yanavyozeeka

Uzee wa masega una sababu nne kuu, nazo zote zinapatikana katika barabara zetu.

Ya kwanza ni joto. Chembe za platinamu na za seriamu huwa ndogo mno, na udogo huo ndio unaozipa eneo kubwa la kukutana na moshi. Zikikaa katika joto la karibu nyuzi 1,000, huungana na kuwa madonge. Metali bado imo, ila eneo la kufanyia kazi limetoweka. Injini yenye plagi mbovu hupeleka petroli isiyoungua kwenye masega, ikaungulia humo. Gari la namna hiyo likikwea mlima kwa mzigo mzito, kauri inaweza hata kuyeyuka.

Ya pili ni sumu. Salfa ya mafuta hukalia nafasi za seriamu. Fosforasi, ambayo huwekwa katika oili ya injini ili kulinda vyuma, hufika kwenye masega pale injini kuukuu inapokula oili. Hapo huungana na seriamu kuwa fosfeti ya seriamu, kiwanja kigumu kisichoachia tena. Seriamu iliyofungwa hivyo haivuti wala haitoi oksijeni. Hii ndiyo sababu gari linalotoa moshi wa buluu huua masega yake mapema.

Ya tatu ni risasi, tutakayoieleza peke yake.

Ya nne ni majeraha. Kauri ni ngumu lakini huvunjika kama chungu. Barabara za mawe na mikunjo huitikisa. Kupita mtoni au dimbwini masega yakiwa ya moto huipasua. Vipande vilivyovunjika huziba njia ya moshi, na gari hukosa nguvu.

Ni vyema kukumbuka tunayapokea magari katika umri gani. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yalisafirishwa duniani, na asilimia 40 yake yalikuja Afrika. Tanzania huyatoza magari ya zamani ushuru wa ziada kwa uchakavu, lakini hali ya masega haionekani katika mwaka wa kutengenezwa kwa gari. Gari linaweza kung'aa rangi na kuwa na masega yaliyokwisha kufa.

Risasi: kifaa kilichowakinga watoto

Kwa miongo mingi petroli ilitiwa risasi ili injini isigonge. Madaktari walionya kwamba risasi huharibu ubongo wa mtoto, hupunguza akili, hudhoofisha damu na figo. Maonyo hayo yalisikilizwa polepole sana. Kilichoharakisha mambo ni sheria ya hewa safi ya Marekani ya mwaka 1970, iliyosababisha magari ya mwaka 1975 kufungwa masega. Risasi huyafunika masega na kuyaua, hivyo ilibidi petroli isiyo na risasi ipatikane kila kituo. Kwa njia hiyo kifaa kilichokusudiwa kusafisha moshi kiliwasaidia watoto kwa namna ambayo haikuwa lengo lake la kwanza, na viwango vya risasi katika damu yao vilishuka kwa kadiri risasi ilivyopungua katika mafuta.

Afrika iliyo kusini mwa Sahara iliweka azimio lake mjini Dakar mwaka 2001, na kufikia mwanzo wa 2006 petroli yenye risasi ilikuwa imeondolewa katika nchi zake, Tanzania ikiwa miongoni mwao. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021. Aidha, kuanzia Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Kwa hiyo mafuta yanayofaa masega tunayo. Linalobaki ni kuyatunza masega yenyewe.

Madini adimu na milima yetu

Wilaya ya Ngorongoro ina uhusiano wa pekee na madini haya. Oldoinyo Lengai, mlima wa karibu mita 2,960 unaoheshimiwa na Wamaasai kama Mlima wa Mungu, ndiyo volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya kabonati yenye sodiamu nyingi, jambo lililotambuliwa na mwanajiolojia Dawson mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miamba ya kabonati ya namna hii ndiyo makao makuu ya seriamu, lantanamu na jamaa zao. Lengai haichimbwi; lakini mwamba wa ukoo huohuo uko Ngualla, mkoani Songwe, na mnamo Aprili 2023 serikali ilitia saini mkataba na kampuni ya Peak Rare Earths juu ya uchimbaji wake. Madini yatafutwayo zaidi huko ni neodimiamu na praseodimiamu za sumaku, ila seriamu na lantanamu hutoka katika jiwe lilelile.

Je, kuishi karibu na miamba hii kunadhuru? Wakazi wa ukanda wetu wanajua tayari kwamba volkano huacha alama mwilini: floridi ya majini imeyatia kahawia meno ya watu wengi wa mkoa wa Arusha, na wengine imewapinda mifupa. Kuhusu seriamu, swali lililo maarufu katika tiba linatoka Uganda na India. Mwaka 1948 Davies alieleza mjini Kampala ugonjwa wa moyo ambao utando wa ndani ya moyo huwa mgumu kwa kovu. Ugonjwa huohuo ulionekana Kerala, India, penye mchanga wenye seriamu nyingi, na watafiti wakapendekeza kwamba seriamu pamoja na upungufu wa magnesiamu huenda vikachangia. Pendekezo hilo halijathibitishwa. Minyoo, lishe duni na ufukara navyo vimetajwa. Mgonjwa asiondoke na hofu ya mawe ya mlimani.

Kwa upande mwingine, madini adimu yamo hospitalini kama dawa na kama chombo cha uchunguzi. Lantanamu kabonati hupewa wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu, ili iifunge fosfeti ya chakula tumboni. Zingatia kwamba mvuto uleule kati ya madini adimu na fosforasi unaoyaua masega ndio unaomsaidia mgonjwa wa figo. Gadoliniamu hudungwa katika mshipa ili picha za MRI zionekane vizuri. Kwa kuwa baadhi ya dawa zake zilihusishwa mwaka 2006 na ugonjwa wa kukakamaa ngozi kwa watu wenye figo mbovu, mgonjwa hupaswa kuulizwa hali ya figo zake kabla ya kipimo hicho.

Vumbi la madini haya likivutwa kwa miaka mingi ni jambo jingine. Wafanyakazi waliotumia taa za kaboni zenye seriamu, kama wachongaji wa picha za uchapaji, walionekana kuwa na madoa katika picha za eksirei za mapafu. Majaribio ya panya waliovutishwa chembe laini za oksidi ya seriamu yameonyesha uvimbe wa mapafu. Dereva na abiria hawapati kiasi hicho kutoka kwenye masega. Anayeweza kukipata ni fundi anayeyapasua kwa nyundo.

Moshi mwilini, hasa penye miinuko

Kaboni monoksaidi hushika himoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu akiivuta, damu yake hubeba gesi isiyo na faida huku ubongo na moyo vikikosa oksijeni. Hapa mahali petu panaongeza tatizo. Karatu iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro hufikia zaidi ya mita 2,200, ambako kila pumzi ina takriban robo tatu tu ya oksijeni iliyopo pwani. Injini kuukuu ya kabureta nayo hukosa hewa ya kutosha katika mwinuko huo, ikaunguza vibaya na kutoa kaboni monoksaidi zaidi. Kwa hiyo sumu huongezeka pale pale ambapo akiba ya oksijeni imepungua.

Walio hatarini zaidi ni wajawazito, kwa kuwa himoglobini ya mtoto tumboni huishika gesi hii kwa nguvu na kuiachia polepole, watoto wachanga, wagonjwa wa moyo, wa upungufu wa damu na wa selimundu, na wenye pumu, ambao zaidi ya hayo huathiriwa na oksidi za nitrojeni. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilishusha kiwango cha wastani wa mwaka cha nitrojeni daioksaidi hadi mikrogramu 10 katika mita moja ya ujazo wa hewa, na cha chembe laini hadi mikrogramu 5. Sababu ya kushusha ni kwamba madhara yalionekana hata katika viwango vilivyodhaniwa kuwa salama.

Inafaa kusema pia kile ambacho masega hayawezi. Magari mengi ya kubebea watalii ni ya dizeli, na dizeli haitumii masega ya namna tuliyoeleza. Huhitaji kichocheo cha aina nyingine pamoja na kichujio cha masizi, na magari ya zamani hayana chochote kati ya hivyo. Mwezi Juni 2012, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Walinzi wa malango na waongoza magari wanaosimama kwenye moshi huo kutwa nzima wanastahili kufikiriwa. Vilevile, kwa familia nyingi za Ngorongoro moshi wa kuni ndani ya nyumba na jiko la mkaa usiku wa baridi ni chanzo kikubwa cha kaboni monoksaidi kuliko gari lolote. Anayezungumzia moshi wa barabarani asiusahau wa jikoni.

Kwa mtoa huduma za afya

Sumu ya kaboni monoksaidi hujificha katika sura ya magonjwa mengine. Mgonjwa huja na maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Ni rahisi kumpima malaria, au kumwambia ana presha au amechoka. Maswali manne yanasaidia. Unafanya kazi gani, na wapi? Dalili zinapungua ukitoka mahali hapo? Je, kuna mwingine nyumbani, garini au gerejini mwenye dalili kama zako? Mlilala na jiko ndani? Watu wawili au watatu wanaoumwa kichwa kwa pamoja bila homa wakuamshe fikra.

Jambo la pili ni onyo kuhusu kifaa cha kupimia oksijeni kidoleni. Kifaa cha kawaida hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksaidi. Kitaonyesha asilimia 98 kwa mtu anayekaribia kupoteza fahamu. Usimrudishe mgonjwa nyumbani kwa kuitegemea namba hiyo. Tegemea maelezo yake na hali yake.

Matibabu huanza kwa kumtoa mgonjwa kwenye gesi, kisha kumpa oksijeni ya kiwango cha juu kabisa kwa barakoa yenye mfuko. Akivuta hewa ya kawaida, nusu ya gesi hutoka katika damu baada ya saa 4 hadi 6. Akipewa oksijeni tupu, muda huo hupungua hadi kati ya saa moja na saa moja na nusu. Mjamzito apewe kwa muda mrefu zaidi hata kama amepata nafuu, na apelekwe rufaa. Mwenye maumivu ya kifua, aliyezimia au aliyechanganyikiwa naye apewe rufaa. Mgonjwa na ndugu zake waelezwe kwamba usahaulifu, mabadiliko ya tabia au kutembea kwa shida vinaweza kujitokeza siku au wiki kadhaa baadaye, na vikijitokeza arudi.

Kwa mgonjwa wa pumu au wa kifua sugu, swali la moshi liingie katika kila hudhurio, kama linavyoingia swali la sigara.

Kwa fundi na mwenye gari

Husemwa mara nyingi kwamba masega hula mafuta na kulibana gari, kwa hiyo yakatwe. Masega mazima hupunguza nguvu kidogo mno kiasi ambacho dereva hakihisi. Yaliyoziba ndiyo yanayobana, nayo yameziba kwa sababu ya ugonjwa wa injini. Ukiyakata bila kutibu injini, umeondoa dalili na kuacha maradhi.

Ukweli ulio nyuma ya ushauri huo mara nyingi ni bei. Rodiamu ilipanda mwaka 2021 hadi zaidi ya dola 25,000 za Marekani kwa aunsi moja, na tangu hapo masega yamekuwa bidhaa ya kuwindwa. Mwenye gari hulipwa fedha kidogo, au halipwi kabisa, naye hubaki na gari linalotoa sumu kwa wingi mara nyingi zaidi ya hapo awali. Ikiwa bomba limeungwa vibaya baada ya kukatwa, moshi huvuja chini ya sakafu na kuingia kwa abiria kupitia mpira wa mlango wa nyuma uliokwisha. Abiria wa viti vya nyuma wanaosinzia pamoja katika safari ndefu huenda si usingizi tu.

Masega hutunzwa kwa mambo ya kawaida. Badilisha plagi kwa wakati. Usiendelee kuendesha gari linalomisi, wala usipuuze taa ya injini kwenye dashibodi. Tumia oili inayoelekezwa kwa injini yako, na injini inayokula oili itengenezwe. Usipite majini kwa kasi. Moshi wenye harufu ya mayai yaliyooza, gari kukosa nguvu mlimani, au mlio wa changarawe ndani ya kopo ni dalili za kwenda kwa fundi.

Fundi naye ajilinde. Asiwashe injini ndani ya gereji iliyofungwa, hata kwa dakika chache. Kopo likilazimika kufunguliwa, lisipasuliwe kwa nyundo katika vumbi kavu. Lilowanishwe, na barakoa ya kuzuia vumbi laini ivaliwe, si kitambaa. Nyuzi za kauri zinazozunguka sega huwasha ngozi, na aina fulani zake zimewekwa katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Nguo za kazi zifuliwe mbali na za watoto.

Kwa mgonjwa na familia

Kama una pumu au mtoto wako anayo, chagua kiti kilicho karibu na dirisha, na usisubiri gari nyuma ya bomba la gari lingine. Ukiumwa kichwa ndani ya gari na wenzako wakaumwa pia, mwombe dereva asimame, mfungue milango na mshuke wote. Si utovu wa adabu. Nyumbani, jiko la mkaa litolewe nje kabla ya kulala, hata baridi ikizidi. Wingi wa mablanketi hauna sumu. Hudhurieni kliniki mkiwa na maelezo ya kazi zenu, hata kama hamkuulizwa.

Linalowezekana hapa petu

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za viwango vya hewa za 2007 zinaipa nchi msingi wa kudhibiti moshi wa magari. Utekelezaji ngazi ya wilaya unaweza kuanza na hatua ndogo zisizohitaji mitambo: bango la “Zima injini” mbele ya kila kituo cha afya na shule, maegesho ya malangoni yaliyo mbali na vibanda vya watumishi, mafunzo ya nusu siku kwa mafundi yanayotolewa na maofisa afya, na safu ya kazi ya mgonjwa katika daftari la wagonjwa wa nje ijazwe kweli, badala ya kuandikwa “mkulima” kwa kila mtu.

Seriamu iliyo ndani ya masega haiwezi kurudishwa ikishafungwa na fosforasi, kama tishu ya pafu iliyoharibika isivyorudi. Katika yote mawili, kinga ndiyo tiba iliyo nafuu, nayo iko mikononi mwa watu wa kawaida: dereva anayetengeneza injini mapema, fundi anayekataa kukata masega mazima, na mhudumu wa afya anayemuuliza mgonjwa wa kichwa alikuwa wapi kabla hajaanza kuumwa.